Lenzi Aliyoikataa Bi Jicho

Jina lake kamili, ukilitaka lote bila kupunguza, ni Bi Jicho, binti wa fundi saa, dada wa mshona viatu, mke wa Breki, mama wa wawili waliosoma mpaka wakasahau kupiga simu. Aliyempiga picha bwana harusi akitorokea dirishani, kisha akamsafishia bibi harusi nakala kubwa ya ukutani. Aliyepanda juu ya kabati la vikombe siku ya mahafali ili apate uso wa mgeni rasmi, kabati likaanguka, picha ikatoka. Aliyemwambia mkubwa mmoja mbele ya hadhara kwamba zipu yake iko wazi, na hadhara ikamshukuru. Aliyezeekea kazini na akakataa kuambiwa. Majina mengine anayo, lakini hayo ni ya kwenye kitambulisho, na kwenye kitambulisho kila mtu anafanana na mwizi wa kuku.

Wapiga picha wa mji wake wana Umoja wao. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la matairi, chenye viti vya plastiki na harufu ya mpira isiyoondoka hata ufungue madirisha yote. Kifaa kikubwa ambacho mmoja hawezi kukimudu peke yake, wanakinunua pamoja, wanakitumia kwa zamu na wanakigombania kwa pamoja. Ila hakinunuliwi mpaka Bi Jicho akae nacho nyumbani kwanza, akichunguze kama mkwe aliyekuja na begi moja. Akishamaliza hutamka neno moja kati ya mawili: "Chukua" au "Rudisha." La tatu hana. Kijana mmoja aliwahi kumwuliza kama hakuna "labda," akajibiwa akamwulize mama yake kama labda yeye ni wa baba yake.

Neno lake lilikuwa sheria, na sheria ilikaa vizuri mpaka zilipokuja kamera hizi za siku hizi, zisizo na kile kioo cha ndani kinachopinduka kila ukibonyeza. Bi Jicho aliishika ya kwanza, akaigeuza, akachungulia tumboni, akasema kamera isiyo na kioo ni kama nyumba isiyo na choo. "Rudisha." Ikarudishwa. Mwaka haukwisha mji mzima unazo, na yeye mwenyewe akaletewa moja na mwanawe, akaificha ndani ya mkoba wa kamera yake ya zamani ili watu wasijue. Watu walijua. Kwenye Umoja minong'ono ikaanza kwamba jicho la Bi Jicho limeingia ukungu, na kwamba akikosea mara nyingine itabidi amwachie mwingine kazi ya kupima.

Aliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Profesa. Huyu hakuwahi kufundisha popote, wala kufundishika. Jina alilipata kwa sababu kila kifaa kabla hakijafika mjini yeye ameshakitazama kwenye video za watu wa mbali wanaofungua maboksi wakitabasamu. Ana studio ya picha za pasipoti karibu na kituo cha mafuta, na ana mdomo.

Ndipo lenzi ikaja. Lenzi ya zamani ya Umoja, ile ndefu ya kuvutia mbali, ilikuwa imekufa kifo cha aibu ndani ya ndoo ya maji ya barafu kwenye sherehe, na mashindano ya shule za mji mzima yalikuwa mlangoni. Mwenye duka la kamera akakubali kuwaazima mpya, ile ya wanaojua kazi: ndefu, nyeupe, inavuta karibu na mbali bila kurefuka, na tundu lake la mwanga ni kubwa na halipungui hata uivute mpaka mwisho. "Kaeni nayo mpaka Ijumaa," alisema. "Ikirudi na mkwaruzo, nitajua ni nani wa kumchukia."

Bi Jicho akaibeba kwapani mpaka nyumbani, akaiweka juu ya meza ya kulia, akaifungulia boksi taratibu. Jambo la kwanza alilofanya ni lile analoifanyia kila lenzi. Alitoa kwenye mkebe wa bati kioo chake cha kinga, kile cha duara kinachofungwa mbele, akakizungusha mpaka kikabana. Kanuni yake ni kwamba lenzi haitoki nje uchi. Kioo kile alikinunua zamani za filamu na hajawahi kukibadilisha. Kimepigwa na viwiko vya wapambe, kimerukiwa na krimu ya keki, kimefutwa kwa pindo la gauni na mara moja kwa mate. Kwake kilikuwa kama askari mzee wa getini: hata akisinzia, humfukuzi.

Kisha akamwita mumewe. Breki aliendesha malori umri wake wote akastaafu bila kugonga hata mbuzi, ndiyo asili ya jina, na tangu astaafu kazi yake ni kukaa kivulini na kuulizwa kwa nini amekaa kivulini.

"Simama kule ukutani, halafu kimbia uje," alisema Bi Jicho.

"Nije wapi?"

"Huku kwangu."

"Miaka yote nakuja kwako natembea, na hukuwahi kulalamika."

"Lenzi haipimwi kwa mtu anayetembea kama anasindikiza jeneza. Kimbia kama basi linakuacha."

Breki akakimbia. Kandambili moja ikagoma njiani, yeye akaendelea na moja. Kwenye kamera, kile kijisanduku cha kijani kinachoonesha lenzi imeshika wapi kilimganda jichoni tangu ukutani mpaka alipofika akihema, hakikuteleza hata kidogo, na lenzi yenyewe haikutoa mlio wowote. Ile ya zamani ilikuwa inakoroma ikitafuta.

"Tena. Sasa pita kwa ubavu."

"Kwa ubavu kama kaa?"

"Kama ulivyokimbia siku ile mama yangu alipokuja bila kutoa taarifa."

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mnafanya mazoezi, majirani?"

"Mwenzako anafukuza uzee," alisema Bi Jicho.

"Nimeufikia," alisema Breki, ameshika magoti. "Uko hapa na mimi."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Jicho hakumwambia mtu. Mikono yake siku hizi inatetemeka. Si sana, ila lenzi ndefu inaukuza mtetemeko kama inavyoukuza uso. Lenzi hii ina kitu ndani yake cha kutuliza mtikisiko, na alipobonyeza nusu tu, picha kwenye kitundu cha kuchungulia ikatulia, ikaelea, kama mtu amemshika kiwiko kwa upole bila kumtangaza. Uzito wake nao ulikaa vizuri kiganjani, haukumvuta mbele kama ile marehemu. Mikono ya Bi Jicho ilishasema "Chukua" kabla ya chai ya saa nne.

Lakini mikono si macho. Alipozifungua picha kwenye kompyuta ya sebuleni, alivuta kiti karibu, akavuta tena. Ndevu za Breki zilionekana kama zimepakwa siagi. Maandishi kwenye fulana yake yalikuwa na vivuli pembeni, yameona haya. Akafikiri labda ni jua kali. Kesho yake akaenda kwenye ukumbi ambako kwaya hufanya mazoezi chini ya taa moja inayotaka kufa, maana hapo ndipo tundu kubwa la lenzi linapojulikana faida yake. Mwanga uliingia vizuri, sauti ya nne ikaonekana mpaka kwenye kona yake ya giza, na nyuma ya waimbaji ukuta ukayeyuka ukawa laini kabisa. Ila ile taa moja kwenye picha ilikuwa na pacha, na nyuso zilikuwa na utandu kama maziwa yaliyoachwa. Akaenda uwanja wa shule, akampiga golikipa. Lenzi ikamshika golikipa kama polisi, na golikipa akatoka ana manyoya.

Bi Jicho akajiuliza kwa haki kabisa. Kamera ni ileile anayoitumia kila siku. Mkono umetulizwa. Kioo cha kinga amekifunga kwa zamu kwenye lenzi zake zote fupi na hakijawahi kumfanyia ubaya. Kilichobaki ni lenzi. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba mikwaruzo ambayo lenzi fupi iliyobanwa tundu huipita bila kuiona, lenzi ndefu iliyofunguliwa tundu lote huisoma yote na kuitapakaza picha nzima.

Alhamisi mchana Umoja ukakaa. Mwenyekiti, mtu mpole anayepiga picha za watoto wachanga na kuongea kama wote wamelala, akamkaribisha Bi Jicho aseme.

"Inashika vizuri, inatulia vizuri, inaona gizani," alisema Bi Jicho. "Ila picha ina ukungu. Rudisha."

Viti vya plastiki vikalia. Profesa akanyoosha mkono huku ameshaanza kusema. "Bi Jicho, kwa heshima zote, lenzi hii wameipima watu duniani kote. Hakuna aliyeona ukungu. Wamepiga mpaka kope za ndege."

"Ndege gani, mwanangu?"

"Sijui ni ndege gani."

"Basi umeona kope za mtu usiyemjua. Mimi nimeona ndevu za mume wangu, na ndevu hizo nimezifulia shuka miaka mingi. Picha ina ukungu."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikapiga kura. Profesa akauliza tena, kwa sauti ndogo safari hii, kama Bi Jicho aliipima ikiwa tupu au na kitu mbele. Bi Jicho akamtazama tu. Ulikuwa mtazamo uliowahi kumfanya mkubwa afunge zipu. Profesa akakaa. Mwenyekiti akasema basi, kesho jioni lenzi itarudi dukani na Umoja utaagiza ile nyingine, yenye tundu dogo, ambayo kila mmoja alijua kwamba kwenye kumbi za shule itapiga giza na kuliita picha.

Alirudi nyumbani ameshinda, anatembea kifua mbele. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani. Akaketi uani kuifungasha lenzi ndani ya boksi lake, akashika kioo cha kinga akizungushe kitoke. Kikagoma. Pete ya chuma inayokizunguka ilishapinda tangu enzi za kiwiko cha bwana harusi fulani, na sasa imeuma.

"Lete hapa," alisema Breki. Akaenda jikoni akarudi na glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, akaivaa, akakizungusha kioo kama anafungua chupa ya achari. Kikatoka kwa mlio mdogo. Bi Jicho alikuwa ameshanyanyuka kwenda kuanua nguo.

"Ngoja na mimi nione nilichokuwa nakikimbilia," alisema Breki, akainua kamera na lenzi yake, akaielekeza kambani, akabonyeza. Kisha akatazama nyuma ya kamera, akaisogeza karibu, akatazama tena.

"Umevunja?"

"Sijavunja. Njoo ujione."

Bi Jicho akaja na shuka begani. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera alikuwa yeye, ana pini ya nguo mdomoni, na alikuwepo mzimamzima. Kila kunyanzi lilikuwa mahali pake na mpaka wake. Shuka lilihesabika nyuzi. Chini ya kidevu kulikuwa na unywele mmoja ambao hakujua anao, umesimama wima, na una kivuli.

"Futa," alisema.

"Nifute picha nzuri hivi? Hata unywele wako una kivuli chake."

"Nimesema futa. Mkuki kwa nguruwe, si ndivyo? Mnafurahi." Akampokonya kamera, kidole kikaenda kwenye kile kitufe cha kutupa picha, kikafika, kikasimama hapohapo. Alirudi kuutazama unywele. Akautazama kwa muda ambao mwanamke hatazami unywele wa kidevuni mwake ila kuna sababu.

Akakichukua kile kioo cha kinga, akakishikilia mbele ya lenzi kwa vidole, akapiga ukuta. Akakitoa, akapiga ukuta. Akafanya hivyo kwa ndoo, kwa kuku, kwa Breki. Ndevu na siagi, ndevu bila siagi. Kisha akakiinua kioo kwenye jua, na jua likamwonesha yote: duara baada ya duara la mikwaruzo, na katikati wingu la mafuta ya miaka, limekaa kama mwenye nyumba.

Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na kuku."

"Kuku tutamla."

"Na mimi je?"

"Wewe mgumu, utatumalizia mkaa."

Breki akavua glovu, kidole kimoja kimoja. "Mke wangu, nyani haoni kundule, ndiyo maana wanatembea wengi. Mimi sijaona kitu. Kesho irudi dukani, yaishe."

Na kweli yangeisha. Lenzi ingerudi kwenye rafu. Umoja ungenunua ile ya tundu dogo, watoto wangetoka weusi kwenye mashindano, watu wangelaumu mawingu, na jina la Bi Jicho lingebaki zima, kama sahani ya kabatini isiyopakuliwa chakula. Aliliona hilo wazi, na akalitamani. Asiyewahi kulitamani jambo kama hilo hajawahi kuwa na jina.

Lakini Bi Jicho ana ugonjwa mmoja. Zamani za filamu, kila picha iliyotoka mikononi mwake aliigonga muhuri nyuma wenye jina lake, na ikitoka mbaya alikuwa anamfuata mtu mpaka kwake kuichukua, hata kama mtu mwenyewe ameipenda na ameshaitia kwenye fremu. Kuna mwanamume aliwahi kumfungia mlango, akaingilia jikoni. Sasa "Rudisha" ile ilikuwa picha mbaya, ina muhuri wake, na iko mikononi mwa watu.

"Wewe lala," alimwambia Breki, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. "Mimi nafikiri."

Asubuhi alimpigia mwenye duka, akamwambia asimtarajie kabla ya saa ya kufunga. Kisha akaenda karibu na kituo cha mafuta. Profesa alikuwa amekaa mbele ya pazia lake la bluu, anatazama mtu anafungua boksi.

"Shikamoo, Bi Jicho," alisema, akasimama nusu.

"Marahaba. Zima hiyo."

Akaizima. Bi Jicho akaweka mezani kamera yake ikiwa na ile lenzi, na pembeni yake akaweka kile kioo cha kinga, kama anayeweka jino lililong'oka.

"Kioo changu kibovu," alisema. "Lenzi nzima. Ukicheka narudi nyumbani na siri yangu, mtapiga giza mpaka mwakani."

Profesa alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, akameza kicheko kama kidonge kikavu, macho yakamtoka machozi. Kilipopita koo akasema, "Kwa hiyo mimi nilipatia."

"Ulipatia kama mlevi anayefika kwake. Amefika, lakini hajui alipita wapi."

"Lakini amefika."

"Amefika," alikubali Bi Jicho, na neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko kile kioo.

Profesa akakishika kioo, akakitazama kwenye taa, akapiga mluzi. "Mbona hukwenda kwa mwenyekiti? Kwangu ndiko unakoogopa zaidi."

"Nimempigia nikiwa njiani. Amesema hakuna neno mama, yamekwisha mama, sote ni binadamu mama. Ataniheshimu mpaka nitapike." Akavuta kile kiti ambacho watu hukalia kupigwa pasipoti, akakaa, mgongo umenyooka. "Jana chumba kizima wana macho. Wamekiona kioo hiki miaka yote kinakwangurika mbele yao. Hakuna aliyethubutu kusema bibi, toa hiyo takataka. Wewe uliuliza, nikakukodolea macho, ukakaa. Ulikaa haraka mno."

"Ulinitisha."

"Ndiyo. Kupima vifaa si kazi ya mtu anayetisha. Wakishamwogopa, anakuwa anajipima mwenyewe tu." Akaisukuma lenzi na kamera yake upande wa Profesa. "Wewe hakuna anayekuogopa. Ukikosea watakuambia hapohapo, tena watakuimba. Kuanzia leo unapima wewe."

Profesa akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine pale kwenye pazia la bluu. "Mimi?"

"Leo jioni Umoja unakaa tena, mwenyekiti anawaita. Nitasimama niseme nilikosea, nitasema mara moja tu na sitarudia, kisha nitakaa. Wewe utasimama useme neno. Si langu wala la hao watu wako wa maboksi. Na hulisemi bila picha zako mwenyewe mkononi."

"Lakini neno linajulikana, Bi Jicho. Ni Chukua. Umeshaniambia lenzi nzima."

"Nimekuambia jana pia kwamba ina ukungu, mbele ya watu." Akamkabidhi na mkanda wa kamera. "Usimwamini mtu kwa sababu anaongea vizuri akiwa amekaa. Wanafunzi wako uwanjani sasa hivi, wanakimbia bila kuombwa. Fungua tundu lote, piga wanaokuja na wanaopita. Halafu ingia ukumbini kwa kwaya, wana zoezi mchana. Ukirudi, usianze kutazama katikati ya picha, anza na kona. Katikati kila lenzi ni mtakatifu."

Profesa akaivaa kamera shingoni, uzito wa lenzi ukamvuta mbele kidogo, akaushika kwa mikono miwili.

"Na studio yangu? Mteja akija?"

"Nitampiga mimi," alisema Bi Jicho, ameshaanza kusogeza taa yake aliyokuwa ameiweka vibaya. "Nenda, na uikamate kwa tumbo lake, si kwa shingo."